Theluji ya Oktoba Inayoua Februari

Asiyezoea milima ya theluji akisikia watu wamefukiwa na poromoko, wazo lake la kwanza ni kwamba theluji ilianguka nyingi kupita kiasi. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini majira ya baridi yanayowakosesha usingizi wanaoandaa taarifa za maporomoko kule Colorado au Uswisi ni yale yanayoanza na theluji kidogo. Sentimita 30 au 40 za mwezi Oktoba, kisha wiki tatu nne za anga jeupe, jua mchana na baridi kavu usiku. Hakuna dhoruba wala upepo wa maana, na kila anayepita anapiga picha. Ni katika wiki hizo tulivu ndipo linapoundwa tabaka litakaloua watu miezi mitatu au minne baadaye, wakati theluji ile ya mwanzo imeshasahaulika chini ya mita moja ya theluji mpya.

Jambo hili linakwenda kinyume na akili ya kawaida karibu kila hatua, kwa hiyo inafaa kulianzia chini kabisa, pale theluji inapogusana na ardhi.

Hewa njema, theluji mbovu

Theluji ikishatua haibaki kama ilivyotua. Chembe zake hubadilika umbo mfululizo, na kinachoamua zigeuke kuwa nini ni tofauti ya joto kati ya chini na juu. Ardhi iliyofunikwa huhifadhi joto la miezi iliyopita, hivyo sehemu ya chini kabisa hukaa karibu na nyuzijoto 0 hata nje kukiwa na baridi kali. Juu hali ni tofauti. Usiku usio na mawingu, uso wa theluji hupoteza joto lake moja kwa moja kuelekea angani, ukawa baridi kuliko hata hewa iliyo juu yake.

Fanya hesabu ndogo. Theluji ina kina cha sentimita 40, chini ni nyuzijoto 0, juu ni nyuzijoto 16 chini ya sifuri. Tofauti hiyo yote imebanwa ndani ya sentimita 40, sawa na nyuzi 40 kwa kila mita. Sasa weka baridi ileile juu ya theluji ya mita 2. Unapata nyuzi 8 kwa mita. Mpaka unaotumiwa na wataalamu ni takriban nyuzi 10 kwa mita. Chini ya mpaka huo chembe huelekea kuwa za mviringo, zikashikana na theluji ikakaza. Juu yake, theluji huanza kujila yenyewe. Ndiyo sababu theluji nyembamba ni ya kuogopwa kuliko nene, ingawa macho yanasema vingine.

Anayefanya kazi hiyo ya kula ni mvuke. Chembe za chini, zenye joto zaidi, hugeuka mvuke bila kwanza kuwa maji. Mvuke hupanda kwenye nafasi za hewa, hukutana na chembe baridi zaidi zilizo juu na kuganda tena upande wao wa chini. Siku baada ya siku vile viungo vyembamba vilivyoshikanisha chembe hupotea, na mahali pake huota fuwele kubwa zenye pembe kali na nyuso bapa. Zikipewa wiki za kutosha hufikia milimita kadhaa, nyingine hata milimita 10, nyingi zikiwa na umbo la kikombe kilichoinamishwa na mistari iliyopangana ubavuni.

Chimba hadi chini uchote kidogo kwa glovu, uziangalie kwenye jua. Zinameremeta. Inamisha kiganja na zote zinamwagika, hakuna iliyomshika mwenzake. Ukizifinyanga donge, halifanyiki. Watu wa milimani huiita theluji ya sukari, nami nitaiita hivyo hapa.

Ajabu ya sukari hii ni kwamba si dhaifu kwa kila upande. Fuwele zake husimama wima na huweza kubeba uzito mkubwa kutoka juu, ilmradi uzito huo uongezeke polepole. Inaposukumwa kando, au inapobebeshwa mzigo kwa ghafla, haina la kujishikia. Sentimita 10 leo na 10 kesho inavumilia. Sentimita 60 za usiku mmoja ni habari nyingine, na upepo ni mbaya zaidi, kwa sababu unaweza kurundika theluji kwenye upande uliojikinga kwa kasi mara kumi kuliko inavyoanguka kutoka mawinguni.

Lakini sukari haipatikani kila mahali, na hapo ndipo ramani ya hatari inapoanza kuchorwa. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, theluji ya Oktoba inayotua kwenye miteremko inayotazama kusini huyeyuka upesi, na mara nyingi dhoruba za Desemba huikuta ardhi tupu. Ile iliyotua kwenye miteremko ya juu inayotazama kaskazini, isiyopata jua, hubaki na kuoza taratibu. Mlima mmoja unaweza kuwa salama upande huu na mtego upande wa pili. La kusikitisha ni kwamba upande wa kivuli ndio unaotunza theluji laini na kavu ambayo kila mwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, anaitafuta Januari. Watu hufuata uzuri kulekule ulikozikwa ubaya.

Vivyo hivyo kwa mahali kijiografia. Safu zilizo karibu na bahari hupata theluji nyingi, mapema na yenye joto, hivyo tabaka la sukari ni nadra zaidi huko. Safu zilizo ndani ya bara, kama Milima ya Rocky huko Colorado, au mabonde ya ndani ya Alps kama Engadin, hupata theluji haba na baridi kali. Colorado tabaka hilo hutokea karibu kila mwaka. Swali huwa ni litakuwa baya kiasi gani.

Bamba na ufa

Sukari peke yake haimdhuru mtu. Ikiwa wazi juu ya ardhi, unaitifua kwa miguu na yote yanaishia hapo. Hatari huja inapofunikwa na theluji inayoshikana, iwe imekazwa na upepo au na uzito wake yenyewe, ikawa bamba moja. Bamba linakaa juu ya tabaka lisiloshikana, kwenye mteremko. Mingi ya miteremko inayoporomoka ina mwinamo wa digrii 30 hadi 45, na inayoongoza ni ile ya karibu digrii 38, yaani hasa ile inayovutia kwa kuteleza.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba bamba huanza kuteleza kwanza, ndipo ufa unaenea. Maelezo hayo yaliacha swali moja kubwa. Mbona mtu anayetembea kwenye tambarare, chini ya mlima, huweza kuangusha mteremko ulio mbali naye? Mwaka 2008 watafiti Heierli, Gumbsch na Zaiser walichapisha katika jarida la Science maelezo yanayolijibu. Tabaka la sukari limejaa hewa. Likivunjika mahali pamoja, hubonyea, yaani hupungua kimo, na bamba lililo juu hushuka kidogo. Kushuka huko hupinda bamba na kuvunja sukari iliyo jirani, nayo hubonyea, ikavunja inayofuata. Uvunjikaji hukimbia kwa namna hiyo hata pasipo na mteremko wowote. Ukifika penye mwinamo wa kutosha, bamba lililopoteza tegemeo linaondoka.

Mlimani jambo hili lina sauti yake. Unakanyaga, unasikia mshindo mzito chini ya miguu, theluji yote inayokuzunguka inashuka kwa pamoja sentimita moja au mbili, na pengine kichaka kilicho hatua ishirini mbele kinatikisika. Ukikutana na ishara hiyo, siku ya kupanda miteremko mikali imekwisha. Sioni kama kuna cha kujadiliana.

Tarehe 20 Aprili 2013, watu sita walikuwa Sheep Creek, karibu na Loveland Pass huko Colorado. Walikuwa wanaijua taarifa ya maporomoko ya siku hiyo, nayo ilieleza tatizo lenyewe. Mpango wao haukuwa kupanda mteremko wa hatari bali kupita chini yake, kila mmoja akiacha nafasi kati yake na mwenzake, wafike kwenye eneo salama zaidi upande wa pili. Theluji ilibonyea wakiwa chini. Bamba likakatika juu yao kwa upana wa zaidi ya mita 200, likaondoka hadi kwenye ardhi, kwa kuwa tabaka lililovunjika lilikuwa sukari ya chini kabisa. Watano walikufa. Ona tarehe: ni Aprili, wengi wanapohesabu kwamba majira yanaelekea ukingoni. Tukio hilo linanikaa akilini kwa sababu watu hawa hawakuwa wazembe. Walitambua hatari, wakakosea tu kuhusu umbali ambao ufa unaweza kusafiri.

Kuhusu uzito wa kinachoshuka: chukua kipande cha mita 30 kwa 30, chenye unene wa mita 1, ambacho ni kidogo kwa viwango vya milimani. Theluji ya wastani ina kilo 250 kwa mita ya ujazo. Hizo ni tani 225, na zikisimama hukaza kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi kukunja hata kidole.

Kimya cha Januari

Aina nyingi za maporomoko zina muda wake. Theluji mpya ya dhoruba ni hatari siku moja au mbili, kisha hutulia. Iliyorundikwa na upepo nayo hutulia baada ya siku chache. Mazoea haya yamejengeka kwa wapanda milima: subiri siku mbili, jua litoke, nenda. Kwa sukari iliyozikwa mazoea hayo ni sumu. Tabaka hilo hukaa wiki, na mara nyingine majira mazima. Linaweza kunyamaza hadi watu wakasahau, kisha mzigo mmoja mpya ukaliamsha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui ni wapi methali hiyo inakuwa kweli zaidi kuliko hapa.

Majira ya 2020 hadi 2021 magharibi mwa Marekani yalionyesha jambo hili bila huruma. Theluji ya mwanzo ilitua mapema, ukafuata ukame mrefu, na kufikia dhoruba kubwa za mwisho wa Januari kulikuwa na tabaka bovu kwenye safu nyingi kwa wakati mmoja. Kati ya mwisho wa Januari na tarehe 6 Februari watu 15 waliuawa kote Marekani. Tarehe 6 yenyewe, huko Wilson Glade karibu na Salt Lake City, vikundi viwili visivyojuana vilikuwa kwenye mteremko mmoja wenye miti michache, ambao mwinamo wake ulizidi digrii 30 kwa kidogo tu. Wanane walikumbwa, wanne walikufa. Majira yalipokwisha, Marekani ilikuwa imehesabu vifo 37, mojawapo ya idadi kubwa kabisa tangu hesabu za kisasa zianze.

Kimya hicho kina maelezo ya kimaumbile. Msukumo wa mtu mwenye skii hufifia kadiri unavyoshuka ndani ya theluji, na chini ya mita moja hivi unakuwa mdogo sana. Kwa hiyo bamba likiwa la sentimita 50 au 80, mtu analifikia tabaka kwa urahisi. Likishakuwa la mita 2, wengi watapita bila lolote kutokea. Uwezekano umepungua, ila kitakachoondoka kikiondoka ni mteremko mzima. Na unene haufanani kila mahali. Kando ya miamba, kwenye migongo iliyopeperushwa, juu ya vichaka vilivyofunikwa, theluji ni nyembamba na sukari ni mbovu zaidi. Mtu wa kumi na tano, aliyezunguka jiwe ili akwepe njia za wenzake, ndiye anayegusa hapo. Alama za skii zilizotangulia hazithibitishi usalama. Zinathibitisha tu kwamba hakuna aliyegusa mahali penyewe.

Kuchimba shimo nako kuna mipaka yake, ingawa ni kazi ninayoiheshimu. Kipimo kinachotumika sana, kilichobuniwa na watafiti Ron Simenhois na Karl Birkeland mwaka 2006, ni hiki: unakata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30 kuelekea nyuma, unalaza bapa la koleo kwenye ncha moja, kisha unapiga mara 10 kwa kiganja ukitumia kifundo cha mkono, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani. Unachokitazama si kama theluji inavunjika chini ya koleo. Unatazama kama ufa unakimbia nguzo nzima hadi ncha ya pili. Ukikimbia kwa pigo lilelile au linalofuata, umepata jibu. Usipokimbia, umejua habari za sentimita 90 za mlima wenye mita mia kadhaa. Shimo linaweza kukukataza kupanda; haliwezi kukuruhusu.

Ndiyo sababu nadhani watu wengi husoma taarifa za hatari vibaya. Ulaya ina kipimo kimoja cha ngazi 5 tangu 1993, na Amerika Kaskazini nako hutumia ngazi 5. Msomaji hukimbilia namba. Ngazi ya 4 watu hubaki nyumbani, lakini ngazi ya 3 inasikika kama ya katikati tu, na ndiyo yenye vifo vingi zaidi. Chini ya namba huwa kuna maelezo ya aina ya tatizo, na mimi ningeyasoma kwanza. Ngazi ya 2 kwa sababu ya rundo jipya la upepo ni tatizo unaloweza kuliona na kulizunguka. Ngazi ya 2 kwa sababu ya tabaka la zamani ni kitu usichoweza kukiona, ambacho mara nyingi hakitoi onyo, na kikiondoka kinaondoka chote. Namba ni ileile, lakini siku hizo mbili hazifanani hata kidogo.

Kinachobaki mkononi mwa mtu

Ndani ya viwanja vya skii kazi ya kuvunja tabaka hili hufanywa kabla theluji kuu haijaja. Aspen Highlands huko Colorado, kwa mfano, watu huukanyaga mteremko kwa mabuti, hatua kwa hatua, mwanzoni mwa majira, ili sukari ipondwe na kuchanganyika na theluji nyingine. Baadaye hutumika baruti. Kisha maelfu ya skii hupita kila wiki. Theluji ya kiwanjani ni theluji iliyofanyiwa kazi. Hatua chache nje ya uzio, mteremko unaofanana kabisa na ule haujaguswa na mtu tangu Oktoba, na macho hayawezi kutofautisha.

Huko nje hakuna mbinu ya kulitibu tabaka, bali kulikwepa, na kukwepa ni suala la mwinamo. Chini ya digrii 30 bamba kwa kawaida halina nguvu ya kuteleza. Mwinamo hupimika: dira nyingi zina kipimo, simu pia, na ramani zenye rangi za mwinamo zinapatikana kabla hata hujatoka nyumbani. Lakini kipimo cha hapo uliposimama hakitoshi, kwa sababu ya ule ufa unaosafiri. Swali ni je, uwanda huu mpole umeungana na mteremko mkali ulio juu yangu? Kama umeungana, uko chini yake hata kama hujaukanyaga.

Vifaa vya uokoaji, yaani kifaa cha mawimbi cha kilohezi 457, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, kila mtu kwenye kundi lazima awe navyo na ajue kuvitumia, maana watakaokuokoa ni wale ulioandamana nao. Takwimu za Uswisi zinaonyesha kwamba waliotolewa ndani ya dakika 10 hupona takriban 9 kati ya 10. Ikifika nusu saa hubaki karibu theluthi moja. Ila hesabu hizo haziwezi kuwa mpango. Bamba linaloondoka hadi kwenye ardhi hukuburuta juu ya mawe na kukuingiza mitini, na kifaa cha mawimbi hakizuii mti.

Kuna watu wanaojituliza kwamba mteremko ulioporomoka Desemba umeshajisafisha. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, poromoko huacha sehemu ya sukari chini, na kilichobaki ni theluji nyembamba tena, chini ya anga lilelile baridi. Hesabu ya nyuzi kwa mita inaanza upya, tabaka linaoza mara ya pili, na dhoruba inayofuata inaliwekea bamba jipya. Kuna miteremko ambayo hushuka mara mbili tatu kwa majira mamoja kwa njia hiyo.

Kinachoimaliza sukari ni ama theluji nyingi, inayoifukia mita kadhaa hadi tofauti ya joto inapungua na chembe zinaanza kushikana polepole, ama maji. Machipuko yakifika, maji ya kuyeyuka hupenya hadi chini, na siku za kwanza za upenyaji huo ni hatari kuliko zilizotangulia, kwa sababu maji huilegeza kabisa sukari kabla ya kuisaidia. Kisha usiku mmoja wa baridi, maji yale yanaganda kati ya punje, na tabaka lililokuwa likimwagika mkononi linakuwa gumu kiasi cha kuhitaji shoka.